Naomba ushauri: hendibreki ya haidroliki kwenye gari dogo la mashindano, paipu za nyuma ziko mikondo miwili tofauti

Kona_Kali:
Wakuu, habari za muda huu.

Nina gari dogo la injini ya cc 1300, linavutwa na tairi za mbele, nyuma lina dramu, halina ABS (mfumo wa kompyuta unaozuia tairi zisifunge). Naliandaa kwa mashindano ya koni kwenye lami, na baadaye rali fupi za barabara za changarawe. Viti, mikanda na fremu ya usalama vimeshafungwa. Kinachonisumbua ni hendibreki. Hii ya waya inashika vizuri gari likiwa limesimama, ila kwenye kona ya kugeuka na kurudi ulikotoka, nikiivuta kwa nguvu zote tairi moja ya nyuma inafunga na nyingine inaendelea kuzunguka. Gari halizungushi mkia, linapitiliza koni.

Nimepata mkono wa haidroliki wenye masta silinda (pampu ya mafuta ya breki) moja, kipenyo milimita 19. Mafuta yanaingia upande mmoja na kutoka mwingine. Maelezo yake yanasema nikate paipu inayokwenda nyuma, niunganishe pale katikati, basi. Shida ni kwamba kwenye masta kubwa ya gari langu zinatoka paipu nne, na mbili kati ya hizo zinakwenda nyuma, kila moja na gurudumu lake. Nikate ipi?

Halafu pale paipu za nyuma zinapotoka kwenye masta kuna vitu vya chuma kama nati ndefu, kimoja kwa kila paipu. Paipu za mbele hazina. Ni vya nini, na nivitoe?

La mwisho: nikishafunga haidroliki, ile ya waya niiondoe kupunguza uzito?

Tairi_Nne:
Mkuu hapo si kazi kubwa. Chukua hizo paipu mbili za nyuma uziunganishe kwa kiungo cha T, ziingie kwenye hendibreki kama paipu moja. Ikitoka, T nyingine inagawa kulia na kushoto. Tairi zote mbili zitafunga sawasawa.

Mzee_wa_Breki:
Kona_Kali, tafadhali usifanye alivyosema ndugu yangu Tairi_Nne. Nasema hivyo kwa heshima, lakini hili ni suala la uhai wako na la watu wanaosimama pembeni ya njia.

Gari lako lina mikondo miwili ya breki iliyopangwa kwa mshazari. Mkondo mmoja unahudumia tairi ya mbele kushoto na ya nyuma kulia, mwingine mbele kulia na nyuma kushoto. Magari mengi madogo yanayovutwa na tairi za mbele yako hivyo, na kuna sababu. Uzito mwingi uko mbele, na ukikanyaga breki unazidi kuhamia mbele. Breki za nyuma peke yake zinasaidia kidogo sana kusimamisha gari la namna hiyo. Kwa hiyo mtengenezaji anahakikisha kwamba mkondo mmoja ukipasuka, bado umebaki na breki moja ya mbele.

Ukiunganisha paipu mbili za nyuma kwa T, mikondo miwili inakuwa mmoja. Siku paipu ya gurudumu lolote ikichanika kwa jiwe, mafuta ya pande zote yanatokea hapo hapo na pedali inakwenda hadi sakafuni. Huna breki hata moja. Kanuni za FIA (shirikisho la kimataifa la michezo ya magari), Nyongeza J, kifungu cha 253, zinadai breki za mikondo miwili inayoendeshwa na pedali moja, na kwamba ikitokea kuvuja popote pale pedali bado iweze kusimamisha angalau magurudumu mawili. T hiyo inaua kanuni yenyewe.

Njia halali ninazozijua ni mbili.

Ya kwanza, tafuta mkono wa hendibreki wenye njia mbili za mafuta zisizokutana. Kila paipu ya nyuma inapita kwenye njia yake, inatoka na kwenda kwenye gurudumu lake. Mshazari unabaki kama ulivyotoka kiwandani.

Ya pili, ubadilishe mpangilio wote uwe mbele na nyuma: chumba kimoja cha masta kihudumie tairi zote mbili za mbele, kingine zote mbili za nyuma. Hapo mkono wako wa silinda moja unafaa. Ila masta ya mshazari ina vyumba viwili vinavyotoa mafuta kiasi sawa. Kalipa (zile zinazobana pedi kwenye diski) mbili za mbele zinameza mafuta mengi kuliko kalipa moja na silinda ya dramu. Matokeo yake pedali inakwenda chini zaidi, na pedi zikilika au mafuta yakichemka unaweza kuishiwa mwendo wa pedali kabla ya kupata presha. Wanaofuata njia hii ipasavyo huweka pedali zenye masta mbili na mtaimbo wa kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Ni kazi nzuri sana, lakini ni kazi ya gari lililokwisha kuacha barabara za umma.

Kwa gari lako mimi ningekwenda na ya kwanza.

Tairi_Nne:
Mzee nimekuelewa. Hilo la mikondo kuungana sikuwa nimelifikiria kwa upande huo. Kona_Kali fuata hayo.

Dada_Spana:
Kabla hujakata paipu yoyote, hebu turudi kwenye dalili uliyotaja: tairi moja inafunga, nyingine haifungi. Hiyo ni habari ya dramu na waya, na ukiiacha itakufuata hadi kwenye haidroliki.

Inua nyuma, toa dramu zote mbili. Angalia kama shuu (vipande vinavyosugua dramu kwa ndani) zimelika sawa pande zote. Angalia silinda ya gurudumu, funua ule mpira wa vumbi kwa ncha ya bisibisi. Ukikuta unyevu, badilisha silinda, na shuu zilizolowa mafuta zisirudishwe. Kisha pima ukingo uliojengeka kwenye mdomo wa dramu. Dramu ikiwa imechimbika, shuu zinabidi zitembee mbali kabla ya kugusa, na kila milimita unayopoteza pale inakuwa sentimita kadhaa mkononi.

Zungusha nyota ya kurekebishia (kile kigurudumu cha meno kinachosogeza shuu karibu na dramu) hadi dramu iwe inakwaruza kwa mbali sana ukizungusha gurudumu kwa mkono. Fanya hivyo hendibreki ikiwa imelegezwa kabisa. Watu wengi wanaanza kwa kukaza waya, wakati kazi hiyo ni ya nyota. Waya unafuata baadaye. Halafu chunguza pale waya mmoja unapogawanyika kuwa miwili chini ya gari: kile kipande cha kusawazisha kikiganda kwa kutu, upande mmoja utavutwa na mwingine utaachwa. Nadhani shida yako iko hapo.

Ukimaliza, ongeza upepo kidogo kwenye tairi za nyuma na ulijaribu gari. Kwenye changarawe waya uliorekebishwa vizuri unatosha kabisa. Kwenye lami yenye mshiko ndipo haidroliki inapoonyesha thamani yake.

Na usiondoe waya, tafadhali. Haidroliki haishiki gari likiwa limeegeshwa. Mafuta yakipoa yanasinyaa, mpira wa pistoni unapitisha kidogo kidogo, na baada ya muda gari linaanza kutembea. Nchi nyingi zinataka breki ya kuegeshea iwe ya kimakanika ili gari lipite ukaguzi. Una bahati ya dramu: waya unavuta shuu kivyake na mafuta yanasukuma silinda kivyake, haviingiliani.

Kona_Kali:
Dada, asante sana. Nimefungua. Kile kipande cha kusawazisha kilikuwa kimeganda kama ulivyosema, na nyota ya upande wa kulia ilikuwa imekwama. Nimesafisha, nimerekebisha, sasa tairi zote mbili zinafunga kwenye changarawe. Kwenye lami bado, zinafunga nikiwa mwendo mdogo tu. Kwa hiyo haidroliki naendelea nayo.

Mikono ya njia mbili nimeona ya aina mbili. Moja ina masta mbili ndogo zimekaa ubavu kwa ubavu. Nyingine ina silinda moja ndefu yenye vyumba viwili, kimoja mbele ya kingine. Ipi bora? Na vipi zile nati ndefu?

Hesabu_za_Gereji:
Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitaandika namba.

Tuseme unavuta kwa nguvu ya nyutoni 200, yaani kama kuinua kilo 20, na mkono una uwiano wa 7 kwa 1. Fimbo inasukuma kwa nyutoni 1400. Silinda ya kipenyo cha 15.9 mm ina eneo la milimita za mraba kama 198, kwa hiyo presha inakuwa karibu bar 70. Silinda ya 19.05 mm, kama hiyo uliyonayo, ina eneo la 285, na presha inashuka hadi bar 49. Mkono uleule, nguvu ileile. Kipenyo kidogo kinakupa presha kubwa na kinakudai mwendo mrefu wa mkono.

Sasa weka masta mbili za 15.9 ubavu kwa ubavu. Nguvu ya fimbo inagawanyika mara mbili, kila masta inapata nyutoni 700, presha bar 35. Hujapoteza kitu bure: kila masta inalisha gurudumu moja tu, hivyo mwendo unapungua kwa nusu. Aina ya vyumba viwili vilivyofuatana inakupa bar 70 kwenye kila chumba, kwa sababu nguvu yote inapita kwenye pistoni ya kwanza na kufika ya pili, ila mwendo wa vyumba unajumlishwa.

Kwa dramu za gari dogo, ubavu kwa ubavu inafaa. Shuu ya mbele ndani ya dramu huvutwa na mzunguko wenyewe ikishagusa, inajikaza, kwa hiyo dramu haihitaji presha kubwa kama diski. Zingekuwa diski nyuma ningekushauri vyumba vinavyofuatana. Hakikisha tu kwamba fimbo mbili za mkono huo zinasukuma kupitia kipande kinachoyumba katikati. Zikiwa zimefungwa kwa ugumu, upande ambao shuu zimekaa karibu zaidi na dramu utafunga kwanza, na utarudi palepale ulipoanzia.

Mzee_wa_Breki:
Kuhusu nati ndefu: hizo ni valvu za kupunguza presha ya nyuma. Ukikanyaga breki kwa nguvu, nyuma ya gari inakuwa nyepesi, na tairi za nyuma zikipata presha sawa na za mbele zitafunga kwanza. Gari linalofunga nyuma kwanza kwa pedali linageuka lenyewe kwenye mstari ulionyooka. Kwa hiyo usizitoe.

Na una bahati ziko pale kwenye masta, kwa sababu mpangilio ni huu: masta kubwa, valvu, hendibreki, gurudumu. Valvu inadhibiti pedali tu, wakati mkono unatoa presha yake kamili moja kwa moja. Kama valvu ingekuwa kule kwenye ekseli ya nyuma, ile inayopima mzigo kwa springi, presha ya mkono ingepita humo na kupunguzwa.

Nawaandikia na wengine watakaosoma uzi huu wakiwa na magari ya ABS. Magari mengi ya siku hizi hayana valvu hizo kabisa. Kugawa presha ya mbele na nyuma ni kazi ya kompyuta ya ABS. Ukichomoa fyuzi ya ABS ili uvute hendibreki kwa raha, umechomoa na mgawanyo huo. Hapo lazima uweke valvu ya kurekebishika kwenye njia ya nyuma kabla ya kujaribu gari kwa kasi yoyote.

Paipu_Safi:
Niongeze upande wa paipu, maana ndiko mafuta yanakovuja.

Tumia paipu ya shaba iliyochanganywa na nikeli, ya 4.75 mm. Shaba tupu inakuwa ngumu na kupasuka ikitikisika kwa muda mrefu. Kabla ya kununua nati yoyote, fungua ya gari lako na uangalie mambo mawili: nyuzi zake, na umbo la mdomo wa paipu. Kuna mdomo uliokunjwa mara mbili ndani, mfano wa faneli, na kuna mdomo wa duara unaofanana na kichwa cha uyoga. Kila mmoja una kikalio chake. Ukiuchanganya na kikalio cha mwenzake utakaza hadi spana iteleze na bado itatoa jasho la mafuta. Nyuzi za M10 zenye hatua ya milimita 1 ni za kawaida, lakini mikono mingi ya mashindano inakuja na nyuzi za inchi, zinaingia mizunguko miwili kisha zinakwama. Usilazimishe. Vipo viungo vya kubadilisha.

Pitisha paipu ndani ya gari, mbali na miguu na reli za kiti, na uzishike kwa klipu kila baada ya sentimita 20 hivi. Panapopita kwenye bati weka mpira.

Kitako cha mkono usikifunge kwenye bati tupu la sakafu. Weka sahani ya chuma ya milimita 3 juu na nyingine chini, bolti zipite zote. Ukivuta kwa hasira bati peke yake linakunjika, na mwendo unaopotea kwenye bati hauwezi kuurudisha kwa kurekebisha chochote. Urefu wa mkono uufikie ukiwa umefungwa mikanda, bega likiwa limegusa kiti.

Kona_Kali:
Wakuu nimefunga ya masta mbili ubavu kwa ubavu, waya umebaki. Nimetoa upepo, pedali ni nzuri. Lakini baada ya kuzunguka kidogo bila hata kugusa mkono, dramu za nyuma zinapata moto na gari linakuwa zito. Likipoa linaachia. Nimeangalia waya, umelegea kabisa. Nini hiki?

Dada_Spana:
Hiyo ni fimbo, karibu nina uhakika.

Ndani ya kila masta ndogo, pistoni ikirudi mwisho inaacha wazi njia ya mafuta ya kutoka masta kubwa. Hiyo ndiyo njia ambayo pedali inatumia kufika nyuma, na ndiyo mafuta yanayorudia. Fimbo ikiwa imekazwa mno, pistoni hairudi hadi mwisho na mpira unabaki umeziba njia nusu. Mafuta kwenye dramu yakipata joto yanapanuka, hayana pa kurudi, yanasukuma shuu, joto linaongezeka. Inajizidisha yenyewe.

Achia mkono kabisa. Shika fimbo kwa vidole viwili uisukume mbele na nyuma. Lazima isikike kucheza kidogo, kama milimita moja, kabla ya kugusa pistoni. Pima zote mbili, moja moja. Kama haichezi, legeza nati ya kufungia, zungusha fimbo kuifupisha, kaza tena. Angalia pia kituo cha mkono, ile bolti inayouzuia usirudi zaidi. Ikiwa imeuzuia mapema, fimbo hata ukifupisha haitakusaidia.

Usiliendeshe hadi hapo. Njia ikiziba kabisa, pedali haifiki nyuma hata kidogo na hutajua.

Kona_Kali:
Ni fimbo ya kushoto, haikuwa inacheza kabisa. Nimefupisha, nimezunguka tena kwa muda mrefu, dramu zimebaki na joto la kawaida pande zote. Mungu awabariki.

Mkono sasa unashika, ila mvuto wa kwanza ni laini na wa pili ni mgumu.

Paipu_Safi:
Upepo umebaki kwenye masta za mkono. Zimekaa zikielekea chini?

Kona_Kali:
Ndiyo, mkono ni wa wima, masta zinaelekea chini mbele.

Paipu_Safi:
Basi upepo unapanda na kukaa nyuma ya matundu ya kutokea, na pedali haiwezi kuusukuma. Fungua bolti za kitako, paipu zikiwa zimeunganishwa, inua mkono wote uuelekeze hadi matundu ya kutokea yawe juu kuliko kitu kingine. Paipu zako ziwe na nafasi ya kujipinda kidogo, usizikunje. Mwenzako avute mkono polepole, wewe fungua nati ya upepo ya gurudumu la nyuma, funga kabla hajaachia. Rudia hadi hakuna povu, kisha upande wa pili. Chupa ya masta kubwa isikauke katikati ya kazi. Tumia mafuta ya breki ya DOT 4 au DOT 5.1, mapya, kutoka kwenye chupa iliyokuwa imefungwa. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo. Na funika rangi ya gari, mafuta haya yanaimenya.

Ikibaki laini kidogo, vuta mkono, ufunge kwa kamba ukae hivyo usiku kucha. Mara nyingi vipovu vilivyobaki vinajikusanya, asubuhi unatoa upepo mara moja tu inatosha.

Tairi_Nne:
Kona_Kali, kwenye kuvuta unakanyaga klachi? Mimi gari langu linavutwa na tairi za nyuma, nisipokanyaga injini inazima.

Mzee_wa_Breki:
La kwako lazima ukanyage, kwa sababu tairi unazozifunga ndizo zimeunganishwa na injini. La Kona_Kali tairi za nyuma hazina uhusiano na injini, hivyo anaweza kuvuta huku mguu uko kwenye mafuta, tairi za mbele zikiendelea kumvuta kuelekea njia ya kutokea. Mvuto uwe mfupi. Geuza usukani kwanza, mkia uanze kupata uzito wa kona, vuta, achia mara tu pua inapoiona njia. Ukishikilia, tairi zinabaki na bapa upande mmoja na gari linasimama.

Lakini kabla ya koni yoyote fanya jaribio hili, Kona_Kali. Tafuta eneo pana lililofungwa, lenye changarawe, pasipo na mtu. Nenda mwendo wa wastani, usiguse mkono, kanyaga pedali hadi tairi zifunge, na mtu asimame pembeni kwa mbali aangalie zipi zimefunga kwanza. Zinapaswa kuwa za mbele. Kisha rudia kwenye lami. Ikitokea za nyuma zimefunga kwanza, moja ya zile valvu imekufa au umebadilishana paipu, na gari lisiende popote hadi upate chanzo.

Kona_Kali:
Nimefanya, changarawe na lami. Za mbele zimefunga kwanza kote kuwili. Kesho nakagua nati zote kwa karatasi nyeupe kuona kama kuna inayotoa jasho.

Paipu_Safi:
Kagua mkono ukiwa umevutwa na kufungwa kwa kamba, maana bila presha nati mbovu haitoi kitu. Na rudia baada ya mashindano ya kwanza, gari likiwa bado la moto.